Edelmira, Aliyesoma Mpaka Mstari wa Mwisho

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mliopanda kilima hiki na jua lote hili, familia imenituma mimi, Rigoberto Companioni, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya Nieves Edelmira Bacallao Toledo, na kabla sijaanza nina ombi moja kwa wasokotaji wa biri, maana nawaona mmekuja na vibao vyenu na visu vyenu vya kumgongea msomaji badala ya makofi. Vizuieni visu hivyo mpaka nimalize. Mnajua wenyewe alivyokuwa akikereka mtu akigonga kabla ya mstari wa mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 5 Agosti 1949, siku ya Bikira Maria wa Theluji, katika shamba la tumbaku nje kidogo ya mji wetu wa Cabaiguán, mtoto wa nne wa mzee Saturnino Bacallao na mama Elpidia Toledo, akapewa jina la Nieves, yaani theluji, na watu ambao hawakuwahi kuiona theluji hata siku moja, katika joto ambalo hata kuku walikuwa wamehamia chini ya kitanda cha mzazi. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina hilo ndilo lililomharibu, kwa sababu mtu aliyepewa jina la kitu asichokijua, ataacha vipi kuuliza? Utotoni alipenda kulala mchana ndani ya banda la kukaushia tumbaku, majani yakining'inia juu yake safu kwa safu, akiyatazama yakitoka kwenye kijani kwenda kwenye manjano na kutoka manjano kwenda kwenye rangi ya asali, na siku moja akamuuliza baba yake, "Baba, jani limeshakatwa, limeshakufa, sasa nani analibadilisha rangi?" Mzee Saturnino, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akamjibu, "Liulize lenyewe, mimi nina kazi."

Alianza shule ya msingi mwaka 1955, na mwaka 1961, ule mwaka wa taa, binti mmoja kutoka Havana alipofika kuwafundisha wakulima kusoma na kuandika, akaitundika taa yake kwenye boriti ya nyumba yao, Edelmira aliketi kando ya baba yake kila somo na kumnong'oneza majibu, mpaka mwalimu akalazimika kumtuma nje akakusanye mayai. Akamaliza sekondari hapa mjini, na mwaka 1967 akaenda Santa Clara kusomea elimu ya viumbe, na hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake kubwa kuliko zote, lakini furaha hiyo ilidumu mwaka mmoja tu, kwani mwaka 1968 mama Elpidia alipigwa na kiharusi, na bintiye akarudi nyumbani kumuuguza. Hakulalamika, ila rafiki yake Zoraida, aliyebaki kule na baadaye akawa mhadhiri, alikuwa akimtumia majarida ya sayansi kupitia dereva wa basi, na siku ya basi Edelmira hakuwa mtu wa kuzungumza naye, maana mwili ulikuwa Cabaiguán na yeye mwenyewe hayupo.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha biri, kazi ya kuchambua majani na kuyang'oa uti, na mwaka 1972 msomaji wetu wa zamani, yule aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha juu na kutusomea magazeti asubuhi na hadithi mchana huku mikono yetu ikisokota, alipostaafu, Edelmira akajitokeza kuomba kiti hicho. Kwetu msomaji hachaguliwi na mkuu wa kiwanda, anachaguliwa na masikio ya wasokotaji, kila mwombaji anapanda na kusoma, kisha mikono inanyooshwa. Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja mwenye sauti nene, alisoma pambano la ndondi mpaka watu wakakwepa ngumi. Edelmira akapanda na ukurasa mmoja wa jarida, akasoma kwamba watafiti wamegundua kuwa mabara hayakutulia, yanatembea polepole juu ya tumbo la dunia, na hata kisiwa chetu hiki kimetoka mbali na bado kipo safarini. Dada Tomasa, huyu hapa mbele yenu, akaishika meza yake kwa mikono miwili akapiga kelele, "Edelmira, kiambie kisimame kwanza nimalize hii ya mkononi!" Kiwanda kizima kikacheka, naye akangoja kicheko kiishe, akasoma mpaka chini ya ukurasa, pale watafiti walipokiri kwamba hawajaelewa vizuri ni nini kinachoyasukuma mabara hayo, kisha akafunga jarida na kusema maneno ambayo baadaye tuliyajua kama sala: "Hapa ndipo walipofika, mbele bado hawajui."

Alishinda, ingawa si kwa kura ya kaka yangu Evelio Companioni, msokotaji wa safu ya pili, aliyenyoosha mkono kwa ajili ya yule bwana wa ndondi, jambo ambalo Edelmira alimkumbusha kila walipogombana, na walifunga ndoa tarehe 10 Novemba 1973, wakajaliwa watoto wawili, Odalis aliyezaliwa mwaka 1975, na Leonel aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye yuko ng'ambo na anatusikiliza sasa hivi kupitia simu hii aliyoishika dada yake, pole sana mwanangu.

Ninyi mliokuwa mle ndani mnaikumbuka nusu saa ya watafiti. Kabla tu ya chakula cha mchana, magazeti yakiwa yamekwisha na hadithi haijaanza, alikuwa akifungua alicholetewa na basi, na mikono ikiendelea kusokota yenyewe, sisi wenyewe tulikuwa tumeshaondoka, tuko chini kabisa ya bahari kwenye milima inayotoa moshi bila moto, tuko na tembo wanaosikia kwa miguu, tuko na ndege aliyekufa zamani za kale na amebaki mfupa mmoja wenye unyoya, tunatazama nyota iliyokwisha kuzimika ambayo mwanga wake bado uko njiani unakuja kwetu, na harufu ya tumbaku mbichi imetanda, na vumbi linaelea kwenye miale ya dirisha, na sauti ile haipandi wala haishuki. Siku aliposoma kwamba mwezi unatuacha, kila mwaka unasogea mbali kiasi cha upana wa vidole viwili, Evelio alimjibu kutoka safu ya pili, "Uende salama, mradi usibebe mgao wangu wa kahawa!" Lakini jioni ile nilimkuta kaka yangu huyohuyo amesimama uani, ameinua vidole viwili mbele ya jicho, anaupima mwezi.

Sasa nafika mwaka 1986, na familia imeniambia nisiuruke. Basi lilileta ripoti ya watafiti wa nchi mbalimbali juu ya moshi wa tumbaku na mapafu ya binadamu, na msomaji wetu akaanza kutusomea, sisi watu ambao biri ndiyo iliyotulea, tukiwa nazo midomoni, na alipofika kwenye aya inayowahusu waliovuta kwa miaka mingi, macho yake yakaangukia safu ya pili, sauti ikasita, akafunua ukurasa mwingine na kuanza habari za nyuki. Alipomaliza hakusema maneno yake ya kumalizia. Hakuna kisu kilichogonga. Tomasa akamwambia mbele ya wote, "Shoga, leo umetupakulia wali bila maharage." Edelmira akasema muda umekwisha. "Umekwisha wapi? Saa hiyo hapo juu ya kichwa chako!"

Nyumbani, kaka yangu alimuuliza, "Ile aya ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa ya kila aliyekuwemo humo ndani."

"Mbona ulinitazama mimi? Kaisome, mke wangu. Kufa nitakufa, kila mtu atakufa, lakini usinifanye nife mjinga."

Kesho yake akapanda kwenye kiti, akasema kwamba jana aliwaonea huruma wasiyomwomba, akaisoma aya yote, na yale ambayo watafiti hawajayajua, na maneno yake ya mwisho. Evelio akaitoa biri mdomoni, akaitazama, akaiambia, "Kumbe ni wewe!" akairudisha, akawa wa kwanza kugonga kisu, na ndipo kiwanda kizima kikagonga. Wapo walioacha kuvuta siku ile, na Tomasa ni mmoja wao, na leo ana miaka tisini na moja na bado anatukana vizuri. Evelio hakuacha. Alifariki tarehe 21 Novemba 2004, kwa mapafu, akiwa ameambiwa na mkewe kila neno lililosemwa na madaktari, na tangu 1986 mpaka alipostaafu mwaka 2011, Edelmira hakuruka tena mstari, wa mtu yeyote.

Mwezi Septemba 2022 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, kisha ikawa inakatika, akapelekwa hospitali ya mkoa, Sancti Spíritus, na Daktari Maylín Iraola, baada ya vipimo, akamwita Odalis pembeni na kumweleza kwamba ni saratani ya koo na kwamba imeshasambaa. Odalis akaamua mama yake asiambiwe, na familia yote tukaunga mkono, kwa sababu hapa kwetu ndivyo tunavyopendana, mgonjwa huambiwa ni kijipu, akaletewa supu, akafa akipanga mambo ya Krismasi. Akamkalisha uani, akamtilia kahawa, akamwambia, "Mama, daktari amesema ni kidonda tu, koo limechoka kwa kusoma miaka yote hiyo, utachomwa sindano, utapumzika, utapona, basi."

Edelmira akangoja, kikombe mkononi, kama alivyokuwa akingoja kicheko kiishe kiwandani.

"Endelea," akanong'ona.

"Ndiyo mwisho huo, mama."

"Sio. Hujaniambia wasichokijua."

Uongo ni kitu cha ajabu, una jibu la kila kitu, na mama huyu alikuwa amesoma karibu miaka arobaini habari za kweli ambazo kila moja ilikuwa na shimo mwishoni mwake. Odalis akalia. Kisha akasimama, akashika mgongo wa kiti, akaanza upya toka juu, jina la ugonjwa, ulikofika, dawa iliyopo na dawa isiyopatikana, na alipofika chini akasema kwamba kwa nini imempata yeye ambaye hakuvuta hata moja, hawajui, na amebakiwa na miezi mingapi, hawajui, "Hapa ndipo walipofika, mama, mbele bado hawajui." Na Edelmira, aliyegongewa visu maisha yake yote na hakuwahi kugonga, akachukua kijiko cha kahawa akamgongea binti yake juu ya meza.

Miezi iliyobaki aliishi kwa macho wazi, akagawa vitu vyake, akapatana na dada yake waliyenuniana kwa ajili ya nguruwe mmoja, na wasokotaji mkawa mnakuja kwa zamu kumsomea, umeme ukiwepo na usipokuwepo. Habari yake ya mwisho ilikuwa ya pweza, kwamba akiwa usingizini ngozi yake hubadilika rangi, kahawia, nyeupe, kahawia tena, na watafiti hawajui kama anaota. Tomasa akauliza, "Sasa pweza aote nini, jamani?" Edelmira akanong'ona, macho yamefumba, "Labda yupo kiwandani, anasomewa." Alifariki tarehe 9 Machi 2023, saa tano na nusu asubuhi, nyumbani kwake, katika ile nusu saa yake.

Familia inamshukuru Daktari Iraola na wauguzi wake, ambao walifanya mengi kwa kidogo walichokuwa nacho, majirani wa mtaa wetu kwa supu, kwa barafu na kwa kunyamaza pale palipohitaji kunyamaziwa, Zoraida aliyekuja leo kutoka Santa Clara kwa basi lilelile, dereva wa basi na marehemu baba yake aliyemtangulia kwenye usukani, na ninyi wasokotaji wa safu zote. Tunamshukuru Odalis, aliyerudi akaanza upya toka juu.

Hapa ndipo alipofika Edelmira. Mbele sisi bado hatujui. Pumzika, shemeji yangu, kwa amani yote.

Haya, ndugu zangu. Sasa gongeni.