Tundu Kwenye Barua Pepe

Mbele yangu kwenye basi alikaa mama fundi cherehani, sindano zimechomekwa kwenye kola. Jirani yake, kijana fundi wa kompyuta, aliichungulia simu ya mama bila haya.

"Mama, programu yako ya barua pepe ni ya zamani, ina tundu. Wezi wanapenya hapo. Kiraka kimeshatolewa, wewe bonyeza tu pa kusasisha."

"Mwanangu, humu mna barua zote za kijana wangu aliye melini. Zikifutika je?"

"Hazifutiki. Wenye programu wanaziba tundu tu, kwingine hawagusi."

Mama akacheka. "Mafundi tunajuana! Mimi nikiletewa gauni lenye tundu, naziba, kisha naona kiuno kimelegea, nakibana. Mwenyewe akija, halimpiti!"

Kweli, nguo yangu moja iliwahi kurudi hivyo.

"Basi waache wezi," kijana akasema kwa upole. "Wakiingia watazisoma, hata watakuandikia kama ndiye mwanao."

"Mwizi aniite 'mama kipenzi'?"

"Vilevile."

Uso ukambadilika. Akavuta pumzi, akasema bismillahi, akabonyeza. Simu ikazimika, ikabaki nyeusi mkononi mwake.

Basi likasimama. Kijana akainuka, mama akamdaka mkono wa shati. "Unakwenda wapi? Ukishuka, nitamlilia nani?"

Kondakta akauliza nani anashuka. Kijana akanitazama mimi, nimwokoe. Nami nikamwachia Mungu kesi yao.