Mgonjwa Aliyeombewa Pumziko la Milele

Mama anayewahudumia wagonjwa wa parokia aliketi ndani ya basi, amekumbatia chupa ya uji kama tabernakulo yenye ekaristi.

"Mbona una wasiwasi, dada?" aliuliza jirani yake wa kiti, fundi cherehani aliyezoea kusafiri naye.

"Jana kwenye misa nilitaja majina ya kuombewa, nikamweka mzee mmoja mgonjwa ninayemhudumia upande wa marehemu. Kanisa zima likamwombea pumziko la milele."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. "Si umwombe radhi tu!"

"Habari zilimfikia. Amegeukia ukutani, hataki kula. Anasema kama parokia nzima imeshamuaga, yeye ni nani abishe."

Fundi, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, alijikuta akifanya ishara ya msalaba. Basi likasimama.

"Si kituo chako hiki, dada?"

"Ndicho," alisema bila kuinuka. "Naogopa nitakuta sala imeshasikilizwa."