Mabeki wa Chuo Jirani

Kwenye basi la kutoka Birmingham kwenda chuo cha Alabama, siku ya mechi ya futiboli ya Kimarekani, mzee mmoja alimwambia mama aliyeketi kando yake, "Wapinzani wetu wa chuo jirani wametuzidi usajili, dada. Wamepata mabeki kama matrekta. Yule kijana wetu mpya wa kubeba mpira na kukimbia nao, Tavares, watamvunja."

Nilikuwa nyuma yao. Mama alikumbatia mkoba wake. "Watamvunja wapi?"

"Shingo, mgongo, popote. Helmeti haisaidii kitu."

"Kwani hana wa kumkinga?"

"Wapo, ila wembamba." Mzee akacheka, shabiki wa Alabama hajui kunyamaza. "Unamfahamu?"

"Nimemzaa mimi. Jana alinipigia simu, akasema anaogopa. Nikamwambia avumilie."

Basi likasimama langoni mwa chuo. "Sasa utamwambia nini?" mzee akauliza polepole.

Mama akatoa simu mkobani, akatafuta namba ya mwanawe.