Waliomtambua Zulekha

Jamaa wa mtaa wa Haddadin, nasimama mahali pa ndugu, na mnajua mimi si ndugu, ni Fawazi wa ghorofa ya chini, mpishi wa meli niliyezunguka bandari arobaini nikarudi na kitambi tu.

Ustadhi Munziri Dabusi alizaliwa hapa Tripoli ya Lebanoni tarehe 3 Machi 1951, mtoto pekee wa baba aliyekuwa mtoto pekee, akasomea ualimu Beiruti, akafundisha hesabu miaka thelathini na mitano, na mwaka 1980 akamwoa Bi Suhaila, aliyefariki mwaka 1994 bila wao kujaliwa mtoto.

Tangu hapo, kila Jumanne akitoka darasani, na hata alipostaafu, alikwenda kusoma madaftari ya kale ya mahakama ya kadhi, akimtafuta Zulekha, mama wa babu wa babu yake, akiamini kwamba akijua kwao atapata huko binamu wa kumzika. Nilimtania, "Ustadhi, mimi ninao kumi na tisa, chukua wote!" Akajibu, "Wako wanakula mno, Fawazi."

Mwaka 2019 alimpata, katika ukurasa wa mwaka 1826, akiuza chumba kimoja. Zama hizo mwanamke aliyefunika uso hakuandikwa mpaka wanaume wawili waape kwamba wanamjua, na kwa kawaida ni kaka au ami. Alishuka kwangu na nakala mkononi.

"Soma mashahidi."

Mwoka mikate wa mtaani, na mchukuzi wa maji. Jina la baba yake Zulekha limeliwa na nondo.

"Hakuwa na mtu, Fawazi. Kama mimi."

Hakurudi tena kwenye madaftari.

Figo zilimwangusha, akalazwa tarehe 9 Januari 2024, na muuguzi alipouliza ndugu wa kutia saini, tulitia mimi na Abu Rasimi muuza maharage. Marehemu aliitazama ile karatasi, akacheka mpaka akakohoa: "Mwoka mikate na mchukuzi wa maji!" Alitutoka tarehe 17, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, walimu wenzake, majirani, na mtunza madaftari aliyempa kiti karibu na jiko la kuotea moto miaka yote ile. Punde imamu atatuuliza tunamshuhudiaje marehemu. Tafadhalini, jibuni kwa sauti. Huyu tunamjua.

Pumzika, Ustadhi, umeshatambuliwa.