Kulia Mjini, Kushoto Korongoni

Mheshimiwa Meya wa manispaa yetu, uliyepanda mpaka huku na viatu vyako vya mjini, Baba Paroko, Dada Wilma, muuguzi wetu, Ndugu Katibu wa chama cha wakulima, mzee wetu don Hilarión Gemio, ambaye leo tunakuaga usukanini, Saturnina Yujra, mwanangu, hebu toka huko nyuma ya maua tukuone, ndugu wageni waalikwa na wanakijiji wote wa Santa Rufina, na ninyi mliokuja kwa ajili ya supu tu, nanyi nawasalimu, maana mmewahi kuliko wote.

Mimi ni Casilda Iriondo, mwenyekiti wa akina mama wa kahawa. Nimeambiwa niseme maneno machache. Aliyeniambia hivyo hanijui.

Gari hili la wagonjwa, ambalo leo tumelipamba kwa maua na karatasi za rangi kama bibi harusi, lilikaa mwaka mzima limefunikwa turubai nyuma ya zahanati. Je, lilikuwa bovu? Halikuwa bovu. Je, mafuta yalikosekana? Mafuta yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye leseni. Macho ya don Hilarión yaliingia ukungu, leseni yake ikaisha, akanyimwa nyingine, na haki yao kumnyima. Vijana wetu wanaojua kuendesha wote wako mjini Santa Cruz, wanaendesha magari ya watu. Manispaa ikachukua ufunguo. Mheshimiwa Meya, usiangalie chini, sikulaumu, sheria ni sheria. Lakini ulisimama hapa hapa ukatuambia kwamba ikifika sikukuu ya mtakatifu wetu hatuna dereva, gari linahamia kijiji kingine.

Ni katika mwaka huo ambapo mume wangu Crispín alipasukiwa na kidole tumbo. Tulimbeba kwa machela, kwenye mvua, kuifuata barabara ya lami kule chini. Na ili kuifuata barabara ya lami, lazima upite zahanati. Nalisema wazi kwa sababu linaniuma mpaka leo: tulipita na mgonjwa mbele ya gari la wagonjwa. Crispín alikata roho njiani, mkono wake uko mkononi mwangu.

Saturnina alikuwa ameshika machela upande wangu. Tulipoitua, alijifunga shali yake vizuri, akaniangalia, akasema, "Doña Casilda, huyu ndiye wa mwisho kubebwa hivi. Nitaendesha mimi."

Wapo waliocheka. "Saturnina? Si yule muuza machungwa? Atalipiga fimbo kama nyumbu wa mizigo!" Mliosema hayo mpo hapa, nawaona vizuri sana, endeleeni tu na bia zenu.

Kuendesha hakukumshinda. Don Hilarión, macho yakiwa bado yanaona, alikwishamfundisha kwenye lori letu la kahawa, na kona zote za korongo hili anazijua kama vyumba vya nyumba yake. Kilichomshinda ni mtihani wa maandishi. Na kabla hamjacheka tena, niwaulize: nani kati yenu angeupita?

Sisi tumezaliwa kwenye ukingo. Mtoto wa hapa, kabla hajajua kusali, anajua kwamba korongoni unashika kushoto, japo kwingine kote nchini wanashika kulia, ili ukiteremka, usukani wako ukiwa kushoto, utoe kichwa dirishani ulione gurudumu lako na ujue ardhi imebaki kiasi gani. Anajua kwamba anayepanda ndiye mwenye njia, na anayeteremka arudi nyuma bila ubishi. Anajua kwamba kila kona ni honi. Na anajua kwamba gari haliwashwi kabla Pachamama, mama yetu ardhi, hajamwagiwa tone lake la pombe. Basi Saturnina akaenda La Paz, mji wa baridi kule juu, akaketi, akapewa karatasi. Dereva ashike upande gani wa barabara? Akajibu: kushoto. Ukipita karibu na hospitali ufanye nini? Akajibu: piga honi, wajue unakuja. Je, kileo kinaruhusiwa ndani ya gari? Akajibu: ndiyo, tena ni lazima!

Alifeli. Akarudi mara ya pili, akafeli kwa majibu yale yale, maana mkono uliandika kichwa kikiwa bado kinawaza. Hapo ndipo sokoni mkapata cha kusema. "Saturnina, La Paz unafuata leseni au unafuata baridi?" Naye huku anapanga machungwa yake: "Nafuata vyote, shoga. Baridi nimeshapata."

Lakini jioni alikuja kwangu, na jikoni kwangu hakuwa na mzaha. Akanieleza kwamba mtahini, mama mmoja mpole, alimwita pembeni akamwambia, "Mama, kwenu huenda ni hivyo. Ila huku ukishika kushoto utaua mtu." Nikawaka. Nikasema, huyo anajua nini kuhusu korongo letu? Saturnina akanikatiza. "Hapana, doña Casilda. Kasema kweli. Siwezi kuua wa kwao ili niwafikishe wa kwetu."  

Ndipo akavua kofia yake. Ninyi mnajua mwanamke wa kwetu havui kofia ovyo mbele ya watu. Akaiweka mezani, akasema, "Nikiwa nimevaa, mniulize sheria ya korongo. Nikivua, mniulize ya mji. Nisipozitenganisha sitapita kamwe."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Uwanja wetu wa kuanikia majani ya koka tuliuchora mistari ya chokaa ukawa mji wa La Paz. Tulitundika aproni tatu, nyekundu, njano na kijani, zikawa taa. Watu wazima walitembea na mikokoteni yao ya kahawa upande wa kulia, na aliyesahau akashika kushoto alizomewa na kijiji kizima. Baba Paroko, nawe ulizomewa. Nyumbu wa don Fermín peke yake ndiye aliyeipuuza aproni nyekundu, na mpaka leo hajajuta. Saturnina alisimama katikati ya vurugu hiyo, kichwa wazi juani, Dada Wilma akimsomea maswali, naye akijibu, akikosea, akijibu tena. Aproni ya njano ikionyeshwa? "Chungwa halijaiva, nasubiri." Hospitali? "Nazima honi." Kileo? "Hapana. Pachamama nitampa chake nyumbani, gari likiwa limezimwa, nami nisionje."

Swali la upande ndilo lililokuwa gumu, na halikuwa gumu kwa Saturnina peke yake. Kila aliposema "kulia", don Hilarión, aliyekuwa ameketi pale kwenye benchi, aligonga fimbo chini, akainuka, akaondoka. Kila siku. Naye Saturnina kila siku alimtazama mwalimu wake akiondoka, na kesho yake akakosea tena swali lile lile. Nilikasirika, don Hilarión, naomba ulijue hilo. Nilikufuata nyumbani kwako nikakuambia, "Mzee, unamfelisha mwanafunzi wako mwenyewe!" 

Nilikuwa nimesahau habari za Anastasio. Wenye umri wangu mnamkumbuka: mdogo wake don Hilarión, dereva kama yeye, aliyekuwa akiteremka na lori, upande wake wa kushoto kama ipasavyo, akakutana konani na mgeni aliyeshika kulia kama alivyofundishwa kwao. Korongo halikumrudisha. Sasa niwaulize, ndugu zangu, mtu huyo angekaa vipi kwenye benchi, asikie mwanafunzi wake anakaririshwa neno lililomuua mdogo wake, halafu apige makofi?

Siku ya safari ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho kabla ya sikukuu, tulimsindikiza Saturnina mpaka mbele ya kanisa kusubiri basi. Na hapo tukasikia fimbo. Don Hilarión alikuja peke yake, akipapasa ukuta, akauliza, "Saturnina yuko wapi?" Akamshika bega. Akamwambia maneno ambayo sote tuliyasikia: "Mdogo wangu alikufa kwa sababu mtu alitumia sheria sahihi mahali pasipo pake. Wewe utajua zote mbili. Kaandike kulia, binti yangu. Kaandike, halafu urudi unichukue."

Akaenda. Akavua kofia, akaiweka magotini, akaandika. Na leseni hiyo hapo, imening'inia shingoni mwake, na anayetaka kuigusa anawe mikono kwanza.

Don Hilarión, kijiji hiki hakina zawadi inayotosha kwa miaka uliyotuendesha. Hukumwangusha mtu hata mmoja. Daktari amesema jicho lako linaweza kusafishwa, nawe umekataa mwaka mzima kwenda, kwa kuwa hukubali kupita korongo lile mikononi mwa dereva usiyemfundisha wewe. Haya. Umefundisha. Mpe Saturnina ufunguo huo Meya aliokukabidhi, mbele yetu. Crispín wangu hakulipanda gari hili, na hilo hakuna mtihani wa kulirekebisha. Lakini kesho asubuhi mgonjwa wa kwanza kulipanda ni wewe, don Hilarión, na utakaa kiti cha abiria, na kila kona, ufumbe au ufumbue macho, utanyamaza!

Mheshimiwa Meya, asante kwa kuturudishia ufunguo. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na njaa zenu. Supu iko tayari.