Mama Mizani Anaiaga Kaunta ya Dawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika duka letu la dawa, mfamasia wetu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mtaa mzima unamwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuuza dawa ya homa ya mtoto bila kujua kilo za mtoto huyo. Wako walionuna. Foleni imefika barabarani, mtoto analia, naye anaulizia uzito!

Alianza kama mpanga maboksi wa stoo, akasoma jioni mpaka akavaa koti jeupe.

Watu wazima nao hawakusalimika. Dereva mmoja wa lori alikuja anaumwa jino, akaamriwa amwage mfuko wake kaunta. Zikatoka pakiti tatu: ya maumivu, ya mafua na ya homa. Mama akalizungushia kalamu neno lile lile kwenye zote tatu: parasetamoli. Akamweleza kwamba rangi ni tatu lakini dawa ni moja, na kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge vinane vya miligramu mia tano kwa siku, viwili viwili, kila baada ya saa sita. Dereva aliapa kuwa hata mkewe hajawahi kumsachi namna ile.

Sasa niseme lile ambalo jarida la duka letu halijawahi kuliandika. Miaka sita iliyopita, mchana, dawa ya maji ya homa ya watoto ilituishia. Nilikuwa kaunta peke yangu, watu wamejaa. Nikampa baba mmoja dawa ya matone ya watoto wachanga, ambayo ni dawa ile ile ila kali zaidi ya mara nne. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaandika lebo ya ile iliyotuishia: kijiko kimoja, mililita tano. Kilo sikuuliza.

Mama alitoka stoo akaona kibomba cha kupimia matone kimebaki kaunta. Akauliza kichupa chake kiko wapi. Nilipomjibu, alifunga duka palepale.

Namba ya simu hatukuwa nayo. Nilichokumbuka ni kwamba yule baba alikuwa na unga kwenye nywele. Tukaenda kiwanda cha mikate cha kwanza, hawamjui. Cha pili, wenzake wakasema ameomba ruhusa, mwanawe wa miezi minane anachemka, wakatuelekeza nyumbani kwake. Mama alikimbia na umri wake ule, mimi nyuma yake.

Tulimkuta bibi amempakata mjukuu. Kijiko kimoja kilikuwa kimeshanywewa, na kwa vile homa haikushuka, alikuwa anamimina cha pili. Mama aliudaka mkono wa bibi na kijiko chake.

Hospitali tulikwenda na wazazi wote wawili, kichupa mkononi. Daktari alisema kijiko kile kimoja kilizidi kipimo mara nne, na vingine vingeliharibu ini. Akamtoa mtoto damu ya kupima. Tukasubiri kwa muda wa saa nne kwenye benchi, na Mama akanitaka niwaambie wazazi mwenyewe kwamba aliyeandika lebo ni mimi. Nikasema. Baba alisimama, nikajua napigwa. Akakaa tena, akajishika kichwa. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Majibu yalikuja: ini salama. Mama alilia kuliko wazazi.

Asubuhi yake nilileta barua ya kuacha kazi. Aliichana, akanisimamisha mbele ya mtoto wa kwanza wa siku ile, akabaki nyuma yangu hadi nilipomaliza kumpima kilo na kuandika lebo. Tangu hapo matone yana kabati lake.

Asante, Mama, kwa niaba ya wote uliowapima na kuwakera. Nenda ukapumzike, afya isikupungukie, na simu zetu zisikusumbue. Na ninyi wageni waalikwa wa sherehe hii ya kumuaga, mtoto anayekimbia kati ya viti akiwa na kiatu kimoja, tafadhali msimkemee. Ndiye yule wa kijiko.