Benedeta Amongin na Nyumba Iliyomngoja

Mama Benedeta Amongin alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 huko Chakol, Busia, upande wa Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Zakaria Okia na marehemu Loy Atai. Alisoma katika shule ya misheni karibu na kwao hadi darasa la saba. Alipenda hesabu na kuimba, na hadi uzeeni aliweza kutaja nani alikaa dawati gani.

Baada ya shule alianza kuuza wimbi na karanga katika soko la Busia. Alivuka mpaka mara nyingi hata askari wa pande zote mbili wakamwita shangazi. Biashara hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake.

Tarehe 8 Januari 1977 alifunga ndoa na marehemu Yusufu Ikiring wa Merikit, Tororo. Mume wake alimjengea nyumba yenye madirisha madogo, kama walivyojenga wengi wakati ule kwa hofu ya wezi, na kando yake jiko lililokuwa na mlango mmoja tu. Katika jiko hilo Mama alipika kwa miaka yote ya ndoa yake, na hata baada ya Mzee Ikiring kufariki mwaka 2009. Kuta zake zilikuwa nyeusi zinazong'aa, na wajukuu waliandika majina yao humo kwa kidole.

Kikohozi kilianza mwaka 2016. Daktari mjini Tororo alisema mapafu yamechoshwa na moshi, akamshauri auache. Mama alirudi nyumbani akawaambia wanawe kwamba daktari yule mzuri hakusema sasa watu watakula nini.

Hapo ndipo mwanawe mkubwa, Okanya, ambaye ni fundi wa ujenzi, alipoamua kumjengea nyumba nyingine. Alitumia matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Aliinua paa, akatandaza dari chini ya mabati, akaacha matundu ya kutolea joto, na kuyaelekeza madirisha mbali na jua la alasiri. Kila dirisha lilipata wavu wa mbu. Jiko lilikuwa la kuni chache, lenye dohani ya kupeleka moshi juu ya paa. Majirani walimcheka kwamba anapoteza nguvu kwa matundu, mpaka walipoingia adhuhuri moja ya Februari wakakuta ubaridi. Wawili kati yao tayari wamejenga hivyo. Wanasema wanalala vizuri, watoto hawaugui malaria kama zamani, na mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili sasa unafika mwisho wa juma.

Nyumba ya Mama ilikamilika Aprili 2024. Lakini kwa desturi ya ukoo wa Ikiring, mtoto wa mwisho ndiye hubeba moto kutoka jiko la zamani na kuwasha wa kwanza katika jiko jipya la mama yake. Kabla ya hapo mama halali humo wala hapiki. Mtoto wa mwisho ni Paddy, na Paddy alikuwa kazini Doha. Alitarajiwa Krismasi, ruhusa ikakataliwa. Alitarajiwa Pasaka, ikasogezwa tena. Okanya alipendekeza ndugu yake atoe baraka kwa simu ili mwingine awashe. Mama alimuuliza, "Sasa hiyo simu yako inatoa moto?" Watu walicheka, na jambo likaishia hapo. Familia inasikitika kwamba liliishia hapo.

Kila mchana Mama aliifungua nyumba, akaifagia, akakaa sakafuni kidogo. Mkaza mwanawe, Annet, aliona jambo, akamwambia, "Mama, humu ndani hukohoi."

"Mimi bado mgeni humu," Mama alijibu. "Mgeni anajizuia."

Kisha alifunga mlango na kurudi kupika.

Mvua za Mei mwaka huu zililowesha kuni, na moshi ukawa mzito. Mama alizidiwa akiwapikia wapaliliaji wa mahindi. Alilazwa hospitalini Tororo, ambako alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, Annet akiwa amemshika mkono.

Paddy alifika Alhamisi. Kabla mwili haujaingizwa nyumba mpya, alichukua kaa la moto kutoka jiko la zamani, akalibeba kwa kigae mpaka jiko jipya, akawasha. Watu waliokuwa barabarani waliuona moshi ukitoka juu ya paa. Chai ya msiba ilipikwa humo, na waliolia jikoni mle hawakulia kwa moshi. Mama alilazwa sebuleni usiku huo na uliofuata, madirisha yakiwa wazi.

Familia imekubaliana kwamba jiko la zamani litabomolewa baada ya sala ya kesho Jumapili, na kwamba katika ukoo huu hakuna mama atakayengojeshwa tena nje ya nyumba iliyo tayari.

Ameacha watoto watatu: Okanya, Aanyu na Paddy; mkaza mwana Annet; wajukuu saba; na mdogo wake, Ben Okia wa Chakol.

Apumue kwa raha, Mama Benedeta. Si mgeni tena.